Kumbukumbu Ambayo Kadi Haikuambiwa

Mama Agnes alishuka kwenye gari pale stendi ya Nduguti akiwa amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya Pasaka, kilemba kimekaa sawasawa, na hereni masikioni. Mkono mmoja ulishika fimbo, mwingine ulikuwa kwenye bega la kondakta. Mguu wa kulia aliuburuta, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda harusini.

Scola, mke wa mwanawe Obadia, alimkimbilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nishike hapa, huyu kijana amechoka."

"Mama, umependeza hivi, kuna sherehe?"

"Si mmesema leo napigwa picha?"

Scola aling'ata mdomo asicheke. Alimweleza taratibu, huku akimsaidia kupanda bajaji, kwamba picha ya eksirei inaonyesha mifupa tu, na gauni lenyewe litabidi livuliwe. Mama Agnes aligusa hereni moja, kisha akasema, "Basi hereni nibaki nazo," na wote wawili wakacheka hadi dereva akageuka kuwatazama.

Kiini cha safari hiyo kilikuwa alizeti. Mama Agnes alikuwa anaanika masuke uani kwake Ulemo, akajikwaa kwenye turubai, akaangukia nyonga. Tangu siku hiyo alishikilia kwamba ni mshtuko tu wa nyama. Alijikanda kwa maji ya moto na chumvi, akaendelea kuchota maji na kulisha kuku kwa kuchechemea. Obadia alimbembeleza kwa simu kila jioni. Ilimuuma zaidi kwa sababu yeye ndiye mpiga eksirei wa hospitali ya misheni iliyoko nje kidogo ya Nduguti, na kila siku aliwapiga picha mama wa watu wengine.

Scola naye alifanya kazi hapo hapo, upande wa kompyuta. Alikuwa Mnyaturu wa Mtinko aliyeolewa na Mnyiramba, na katika miaka miwili ya ndoa yake hakuwahi kukaa na mkwe wake zaidi ya siku za sikukuu. Walipendana, lakini kwa mapenzi ya kupishana mlangoni: maneno ya heshima, zawadi ya asali, basi. Siku ya harusi Mama Agnes aliuliza bibi harusi anafanya kazi gani. Mtu akamjibu, "Anakaa na kompyuta." Tangu hapo, kila akipiga simu, aliuliza, "Bado unakaa?"

Asubuhi hiyo Scola alikuwa na furaha yake mwenyewe, ambayo hakuwa amemwambia mtu isipokuwa Obadia. Hospitali nzima ilitegemea seva moja, kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote. Majina ya wagonjwa, majibu ya maabara, picha za eksirei na skrini za wodi ya watoto wachanga, vyote vilipita humo. Tangu zahanati za vijijini zianze kutuma wagonjwa wao kupitia mtandao, seva ilikuwa imeelemewa. Kumbukumbu yake ilijaa, na kompyuta za mapokezi zikawa zinaganda huku foleni ikirefuka hadi nje kwenye jua. Scola alikuwa amehangaika hadi akapata vibao vya kumbukumbu vya kuongeza. Tatizo lilikuwa kuizima seva ili kuvipachika.

"Ukiizima hiyo," Sista Anastazia, mkuu wa wodi ya watoto wachanga, alikuwa amemwambia, "uje ukae hapa unihesabie pumzi za hawa watoto wewe mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Sista Anastazia alimpenda Scola, alimwita mwanangu, na mara nyingi alimwekea kikombe cha uji. Ila wodini kwake walikuwa wamelala watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wengine wadogo kama kifaranga, na skrini zile ndizo zilizopiga kelele pumzi ya mmoja wao ilipopungua.

Kwa bahati, seva yenyewe ilikuwa ya aina inayokubali kuongezewa kumbukumbu ikiwa inafanya kazi. Scola alisoma, akajaribu kwenye mashine ya kando, akasoma tena. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda stendi, alifungua mlango wa pembeni wa seva, akapachika vibao, akatoa amri. Seva ikavitambua. Mapokezi yakaanza kwenda mbio. Hakuna skrini iliyotetereka. Alitoka chumba cha seva akiwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Walipofika hospitali Obadia alikuwa anawasubiri mlangoni kwa kiti cha magurudumu. Alimwamkia mama yake, akamkalisha, akainama akamshika miguu yote miwili kana kwamba anahakikisha ipo.

"Umekonda," mama yake alimwambia.

"Mama, wewe ndiye mgonjwa."

"Mgonjwa haoni?"

Obadia alimwingiza chumba cha eksirei mwenyewe, akamlaza mwenyewe, akamwambia asivute pumzi. Scola alisubiri nje kwenye benchi na mkoba wa mkwe wake mapajani. Mkoba ulinukia unga wa uwele na mlenda mkavu. Alikuwa anafikiria watakula nini jioni, mlango ulipofunguka kidogo na Obadia akamwita kwa kidole.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya nyonga. Mfupa ulionekana vizuri juu, ukaonekana vizuri chini, na katikati, pale hasa palipouma, palikuwa na kipande cheusi tii.

"Nini hiki?" Scola aliuliza.

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Mimi? Si mashine yako?"

"Mashine yangu jana ilikuwa nzima. Leo asubuhi nani ameongeza vitu kwenye seva?"

Walikuwa na desturi yao ya kutogombana kazini, na hakuna aliyeinua sauti. Lakini Scola alisikia masikio yake yakipata moto. "Seva iko vizuri, Obadia. Nenda mapokezi ukaone. Nenda wodini. Kila kitu kinakwenda."

"Kila kitu isipokuwa picha ya mama yangu."

Kisha Obadia akatoa rundo la funguo mfukoni, akaliweka mezani chini ya mashine mahali pa mgonjwa, baada ya kumtoa mama yake nje. Akapiga. Funguo zikatoka zote, nzima. Akapiga tena. Nzima. Scola alikuwa ameshaanza kuinua kidevu wakati picha iliyofuata ilipokuja. Funguo mbili hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na weusi ule ule.

Scola alisogeza uso karibu na kioo. Kilichomtisha ni kingo za ule weusi. Zilikuwa zimenyooka kama zimekatwa kwa rula. Hakuna ugonjwa wala kioo kibovu kinachokata hivyo.

"Umepiga wangapi tangu asubuhi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi. Kuna mtoto wa kifua. Yake ina alama ndogo nyeusi pembeni, nilidhani..." Hakumaliza.

Scola alikuwa ameshatoka. Alimkuta Daktari Stanley ofisini kwake, ameinua kalamu juu ya faili la mtoto huyo huyo.

"Daktari, samahani. Usiamini picha yoyote ya leo. Kosa liko upande wangu, nalitafuta."

Daktari Stanley alimtazama juu ya miwani, akaweka kalamu chini. "Mtoto huyu nilikuwa karibu kumwanzishia dawa kali," alisema. "Nenda. Nitawasubirisha."

Chumbani kwake Scola alifungua maonyo ya seva na kuyasoma bila kukaa. Yalikuwa yamejaa. Mara kwa mara tangu asubuhi, kadi inayopokea picha kutoka mashine ya eksirei ilikuwa imejaribu kuandika mahali fulani kwenye kumbukumbu, na ikakataliwa. Aliangalia anwani za mahali hapo, moja baada ya nyingine. Zote ziliangukia kwenye kumbukumbu mpya. Hata moja haikuwa kwenye ile ya zamani.

Hapo akakaa.

Aliona sasa kilichotokea, na kilikuwa rahisi hadi kikamuuma. Vitu vingi kwenye seva, kama mapokezi na skrini za wodini, hupitia kwa prosesa, yaani ubongo wa seva. Prosesa ikishaambiwa kuna kumbukumbu mpya, inatosha. Lakini picha za eksirei ni kubwa, na kadi yake imetengenezwa iandike moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kwa prosesa. Kwa usalama kuna kilinzi kinachojua sehemu zipi kadi hiyo inaruhusiwa kugusa. Orodha ya ruhusa hiyo hutengenezwa seva inapowashwa, mara moja tu. Kumbukumbu ya asubuhi ilikuja baadaye. Prosesa iliijua na kuigawa kwa furaha, ikimpa kila mwenye shida, pamoja na kadi. Kadi ikaenda kuandika, kilinzi kikaikataa, na kipande hicho cha picha kikabaki kitupu. Picha zilizoangukia kumbukumbu ya zamani zilitoka nzima. Zilizogusa mpya zilitoka na mashimo.

Mwongozo wa kadi ulisema kwa ufupi: baada ya kuongeza kumbukumbu, zima mashine na uiwashe upya.

Obadia aliingia na kusimama nyuma yake. Scola alimweleza yote bila kujipunguzia kitu. Alipomaliza alisema, "Nilidhani nimemwambia kila mtu. Huyu mmoja nilimsahau."

Obadia alimwekea mkono shingoni. "Sasa tunazima?"

"Na watoto wa Sista?"

"Basi?"

"Basi tunairudisha nyuma ikiwa inatembea. Naomba ufunge eksirei kabisa. Kadi isiguse kitu."

Alianza kwa kuiambia seva isigawe tena kumbukumbu mpya. Kisha akaanza kuiondoa kidogo kidogo, akihamisha kilichokuwa humo kurudi kwenye ile ya zamani. Ilikuwa kama kuhamisha watu wa nyumba mbili waingie moja. Mapokezi yakaanza kuganda tena, na kelele za foleni zikasikika hadi kwake. Kisha simu ya mezani ikalia.

"Scola," ilikuwa sauti ya Sista Anastazia, tulivu mno. "Skrini ya kitanda cha dirishani imesimama."

Scola alisitisha amri mara moja. "Ninasimama, Sista. Naomba uniangalizie huyo mtoto."

"Nimeweka mkono wangu kifuani kwake. Anapumua. Wauguzi wengine wamesimama kwenye vitanda vingine." Scola alisikia mtoto mwingine akilia kwa mbali, kilio chembamba kama cha paka. Hakuthubutu kugusa kitufe. "Imerudi," Sista alisema. "Imerudi, mwanangu. Endelea, lakini polepole. Sisi hatuondoi mikono."

Scola alijifuta macho kwa kiwiko, akaendelea kwa vipande vidogo zaidi, akiacha seva ipumue kati ya kimoja na kingine. Sehemu moja ilikataa katakata kuondoka, ikabidi Obadia arudi kuizima programu ya kadi yenyewe, kwa sababu kadi ilikuwa imeshikilia nafasi humo hata bila kupiga picha. Ilipoachia, kumbukumbu mpya yote ikawa tupu, imekaa pembeni.

Sasa ilibaki kazi ya kweli. Programu inayoiendesha kadi alikuwa nayo, na aliweza kuibadilisha. Aliandika kipande kifupi, kisichojaza hata nusu ya ukurasa. Kilikuwa na jambo moja: kila kumbukumbu mpya ikitaka kuingia kazini, kwanza iandikishwe kwa kilinzi cha kadi, na kilinzi kikishindwa kuiandikisha, kumbukumbu hiyo isifunguliwe kwa mtu yeyote. Na ikitolewa, ruhusa yake ifutwe. Alisoma alichoandika kwa sauti, kama anavyosoma mtu barua kabla ya kuituma, akakuta ameweka hatua mbili kinyume. Kama angeiacha vile, kumbukumbu ingegawiwa kwanza na ruhusa ifuate, na kwenye ule mwanya picha zingeharibika tena. Akazigeuza.

Wakati huo korido ya eksirei ilikuwa imejaa. Scola alipotoka kwenda kwa Obadia alisikia sauti ya mwanamume ikilalamika. Alikuwa ametoka mbali akiwa na mkono uliovimba, na akasema wasichana wa kompyuta wanachezea maisha ya watu.

"Wewe baba," sauti ya Mama Agnes ilimjibu, "huyo unayemsema ni mwanangu. Mimi nyonga inaniuma kuliko huo mkono wako, na nimekaa. Njoo ukae hapa, kuna asali."

Alikuwa amefungua mkoba wake na kugawa mkate kwa benchi zima, kila mtu kipande na tone la asali. Mtoto wa kifua alikuwa amelala kichwa mapajani pake, na mama wa mtoto huyo alikuwa anakula. Mwanamume wa mkono akakaa.

Scola alichuchumaa mbele ya mkwe wake. "Mama, nisamehe. Nimekuchelewesha."

"Umekosea wapi? Niambie nielewe, watu hapa wananiuliza na mimi sijui la kusema."

Scola akatafuta maneno. "Tumeongeza stoo, mama. Wote nimewaambia ipo, na ufunguo nimewapa. Isipokuwa mmoja, anayebeba picha za Obadia. Yeye akawa anafika mlangoni na mizigo, anafukuzwa, anaitupa."

"Kwa nini hukumpa ufunguo?"

"Huyo huwa anaingia bila kupiga hodi. Nikasahau kama yupo."

Mama Agnes alifikiri. "Huyo ni kama shemeji yangu Leonidas," alisema, na benchi zima likacheka, Scola naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yakashuka.

Alirudi ndani. Alipandisha programu mpya, akafungua sehemu ndogo tu ya kumbukumbu, akasubiri. Kilinzi kikaipokea. Obadia akapiga funguo. Nzima. Akapiga tena na tena huku Scola akilazimisha picha ziangukie kwenye sehemu mpya, na kila mara akitazama maonyo. Hakuna lililoongezeka. Akafungua sehemu nyingine, na nyingine, hadi kumbukumbu yote ikawa kazini. Mapokezi yakakimbia. Alipiga simu wodini.

"Sista?"

"Zinatembea zote. Huyu wa dirishani amelala, ananyonya ulimi. Njoo umwone ukipata nafasi, ndiye aliyekutoa jasho."

Walianza na mtoto wa kifua, kwa sababu Mama Agnes alikataa kuingia kabla yake. Picha ilitoka safi kona hadi kona. Ile alama nyeusi haikuwepo. Daktari Stanley aliitazama mara mbili, akamwambia mama wa mtoto kwamba ni kikohozi cha kawaida, na yule mama akamkumbatia mwanawe.

Kisha akaingia Mama Agnes. Safari hii Obadia aliomba Scola asimame naye nyuma ya kioo cha kinga. Picha ilishuka kwenye kompyuta kutoka juu kwenda chini, na wote wawili hawakupumua. Mfupa ulikuja mzima, hakuna weusi. Na shingoni mwa paja, palepale palipokuwa pamefichwa, ulipita ufa mwembamba kama unywele.

Obadia alishika meza. "Amevunjika," alisema. "Amekuwa anachota maji akiwa amevunjika."

Scola alimshika mkono, akaubana, naye akaubana wake.

Daktari Stanley aliwaeleza kwamba ufa haujaachana, na hiyo ni bahati. Akiendelea kuutembelea utaachana. Inabidi aende hospitali ya rufaa Singida mjini awekewe vyuma, na asikanyage tena hadi hapo. Obadia ndiye aliyetakiwa kumwambia mama yake, lakini alipofika mbele yake aliishia kuinama na kumshika miguu tena. Scola akamwambia yeye. Alimwambia ukweli wote, hata kwamba ule mshtuko wa nyama haukuwa mshtuko wa nyama.

Mama Agnes alisikiliza. Akasema maneno machache kwa Kinyiramba, akimwelekea mwanawe, na Obadia akacheka machozi yakimtoka.

"Amesema nini?" Scola aliuliza.

"Anasema kuku wake nani atawalisha."

"Jirani atawalisha, mama."

"Jirani anawapa pumba tupu," alisema Mama Agnes, lakini mkono wake ulikuwa umeshatafuta wa Scola.

Gari la wagonjwa lilipokuwa tayari alasiri hiyo kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu nyuma, pembeni ya kitanda. Obadia alikuwa ameshainua mguu kupanda.

"Wewe kaa mbele na dereva," mama yake alimwambia. "Wewe unalia. Nipe huyu."

Scola alipanda, akakaa kwenye kibenchi, akamfunika mkwe wake khanga hadi kifuani. Njiani barabara ilirusha gari, na kila liliporuka Mama Agnes alimbana mkono hadi vidole vikafa ganzi. Walipovuka korongo alimuuliza, macho yakiwa yamefumbwa, kama kweli kazi ile anaifanya kila siku.

"Kila siku, mama. Siku nyingi hakuna kinachoharibika."

"Na kikiharibika unakwenda kusema?"

"Ndiyo."

"Yule daktari alinisimulia. Kwamba ulikwenda mbio kumwambia usiamini, kosa ni langu." Alifungua jicho moja. "Baba yake Obadia alikuwa hivyo. Alikuwa anakera sana."

Scola hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kidogo kidogo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama Agnes alirudi Nduguti na vyuma vyake, akakabidhiwa chumba cha mbele chenye dirisha la uani, na kwa muda wa msimu mzima wa mavuno akaitawala nyumba kutoka kitandani. Alimfundisha Scola kupika mlenda wa kwao, akaukosoa, akaula wote. Alimfundisha Kinyiramba, na kila Scola alipotamka kwa lafudhi ya Mtinko alicheka hadi akashika nyonga na kulalamika kwamba wanataka kumvunja upya.

Siku moja ya Jumamosi shangazi yake Obadia alipiga simu kutoka Ulemo kumjulia hali. Scola alikuwa sebuleni anakunja nguo, akasikia kila neno.

"Mke wa Obadia?" Mama Agnes alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Yupo. Hapana, hakai. Nani amekwambia anakaa? Huyu ndiye anayeamua nani apewe ufunguo na nani asipewe, hospitali nzima. Subiri, ananiletea chai, nitakupigia."

Scola hakuwa amefikiria chai. Aliweka nguo chini, akaenda jikoni kuwasha jiko.